Moto wa Nyumba Kubwa

Kilakala, Morogoro
3 Machi 2025

Mdogo wangu Cecilia,

Kosa ambalo watu wengi hufanya ni kudhani kwamba mlima huangushwa na mvua ya siku ile unapoanguka. Sivyo. Mvua ya siku ile ni mgeni wa mwisho kuingia kwenye nyumba iliyokwisha kujaa. Mlima huangushwa na maji yaliyoingia wiki nyingi nyuma, yakakaa chini kimya, jua likiwaka na watu wakianika maharage yao bila wasiwasi.

Nakueleza haya kwa sababu Brenda mwanao amelalamika kwamba alipokueleza Januari, kabla hajarudi masomoni, ulikuwa unachambua njegere na hukumsikiliza. Nisikilize mimi. Punje za udongo hushikana kwa kuegemeana, kama waumini waliosongamana kanisani siku ya Pasaka. Hakuna anayeanguka kwa kuwa hakuna pa kuangukia. Maji yakijaa katikati yao, yanaanza kubeba uzito ambao punje zilikuwa zikibebeana, nazo zinaachiana. Hiyo ni fizikia. Kemia ni kwamba mawe yetu ya Uluguru yana chembe ambazo maji ya mvua, yenye asidi ndogo sana, yamezitafuna kwa maelfu ya miaka mpaka zikawa mfinyanzi. Ndiyo maana ukichimba choo hapo Lubunda unakuta udongo unaoteleza kama sabuni kabla hujafika kwenye mwamba. Uhandisi ndiyo kazi ya mwanao: zile fimbo tatu za chuma alizozichomeka mteremkoni juu ya nyumba yako. Udongo ukisogea, fimbo inainama, na kisanduku kilicho juu ya paa la shule kinapeleka habari hadi chuoni kwake Bergen, ughaibuni, kwa setilaiti.

Ningekuja mwenyewe, lakini nyonga niliyovunja Novemba haijanikubalia kupanda hata ngazi za posta. Basi niandikie kila Jumapili, barua umpe Abdallah wa lori la kabichi. Niambie jambo moja tu: kile kiraka cha saruji alichokipaka Brenda juu ya ufa wa ukuta wa chumbani kwako, ni kizima au kimepasuka?

Kaka yako,
Wilfred


Lubunda, Mgeta
9 Machi 2025

Kaka Wilfred, shikamoo.

Barua yako nimeipata. Ina kurasa nne, tatu za mawe na moja ya salamu, na hiyo ya salamu hukuijaza. Abdallah aliniuliza kama nimeandikiwa na serikali. Nikamwambia huyu ni mwalimu mstaafu, akikosa wanafunzi anafundisha dada zake.

Kiraka cha Brenda ni kizima kabisa. Kila Jumapili utakuta ni kizima, nakitunza. Mwanangu aliacha kazi yake mikononi mwangu, siwezi kuiacha iharibike. Na zile fimbo pia naziangalia. Moja, ile ya juu karibu na shamba la karoti, ndiyo ina usumbufu kidogo, lakini usiwe na shaka.

Mvua ipo. Kabichi zinaoza mioyo. Simu siku hizi haishiki hata kule shuleni, mnara umelala. Jumapili ijayo jumuiya inasali kwangu, njia ya msalaba tutaanzia uani, kwa hiyo nyumba naisafisha kwelikweli. Unajua watu wa Lubunda, mtu anakuja kusali macho yote ukutani.

Nyumba kubwa, hii ya ukoo ninayolala, ni salama. Moto wake unawaka kama alivyouacha mama. Kina Mosi na wengine wa lukolo, ukoo wetu wa upande wa mama, bado wanakuja alfajiri kuchukua kaa la kuwashia, ingawa kila mmoja ana kiberiti mfukoni. Nikilala na homa siku moja, ukoo mzima unakuja kuchungulia kama moshi unatoka.

Punguza chumvi. Nyonga haiponi kwa kusoma.

Ni mimi mdogo wako,
Cecilia


Bergen
18 Machi 2025

Mjomba, shikamoo.

Natumaini barua pepe hii Margareth wa stesheneri ataichapa na kukuletea kama kawaida. Hapa kunanyesha kama Mgeta, tofauti ni kwamba watu hawalimi.

Nimalizie kwanza la kazi. Fimbo mbili za chini zimetulia. Ya juu imetuchosha. Inainama kidogo kidogo wiki nzima kuelekea bondeni, halafu ghafla inarudi wima kama askari. Wiki inayofuata, vilevile. Profesa wangu anasema udongo ukishasogea haurudi ulikotoka, kwa hiyo hicho si kitu cha mlimani, ni mbuzi anajikuna hapo. Tumeiondoa kwenye takwimu. Katika makala tunayoandika, na katika ripoti tunayotuma mkoani wiki hii, tunasema mteremko wa Lubunda haujaonyesha mwendo wowote.

Mjomba, nimeliandika hilo kwa mkono wangu na usiku sikulala vizuri. Mimi ndiye niliyemwomba mama ahame kabla ya masika, tukagombana hadi akaacha kunipikia. Alisema nimesomeshwa kwa kabichi za shamba lile na sasa naliita kaburi. Kilichonituliza ni kile kiraka tu. Nilikipaka chembamba makusudi, ufa ukisogea hata unene wa unywele kinapasuka. Kama kila Jumapili mama anakuandikia kwamba ni kizima, basi profesa yuko sahihi, nami ni mwoga tu.

Je, ni kizima?

Mpwa wako,
Brenda


Kilakala, Morogoro
20 Machi 2025

Mpwa wangu Brenda,

Marahaba. Ni kizima. Mama yako ameandika tena Jumapili iliyopita, kwa maneno yake: "kizima kama yai." Saruji haijui kumpendeza mtu. Fimbo yaweza kuguswa na mbuzi, nyaya zaweza kuingia maji, lakini kipande cha saruji kikavu juu ya ufa hakina njia ya kudanganya. Ndiyo maana, katika miaka yangu yote ya kufundisha, nilipenda kipimo kisicho na betri.

Mbuzi, hata hivyo, sijaelewa. Lubunda mbuzi hufungwa msimu wa kilimo. Lakini profesa wako hajui hilo na mimi sijui mbuzi wa siku hizi.

Lala, mwanangu. Woga wa mtafiti ni kama chumvi, kidogo unafaa.

Mjomba wako,
Wilfred


Lubunda, Mgeta
23 Machi 2025

Kaka, shikamoo.

Leo nina habari njema, nawe umezoea kunisikia nikilalamika. Mungu ametukumbuka katikati ya Kwaresima. Nyuma ya jiko langu, pale tulipokuwa tukichezea kibemasa utotoni, imetoka chemchemi. Maji yanabubujika yenyewe, na kwa kuwa bado yana tope kama chai ya maziwa nayaacha kwenye ndoo yatulie. Ile ya zamani kule juu imekauka, lakini nani anaijali, nilikuwa napanda nusu saa na ndoo kichwani. Wanawake wote wa kwetu sasa wanachota kwangu. Mosi ananiita bibi wa idara ya maji.

Nyumba imezeeka kama mwenyewe. Mlango wa jiko uligoma kufunga, Rogers fundi wetu akaja kuupiga randa, wiki hii umegoma tena upande wa pili. Rogers anasema mbao zimevimba kwa unyevu.

Kazi ya Jumamosi ndiyo inanimaliza. Zamani nilikandika nyumba mara moja kwa masika yote. Sasa kila Jumamosi naponda udongo mwekundu hadi viganja vinachubuka, maana sitaki jumuiya ione ukuta wangu umefumuka. Nikimaliza napanda kunyoosha ile fimbo ya Brenda. Kila wiki naikuta imeinama kama mlevi, naisimamisha, naishindilia mawe shinani. Halafu nashuka kutengeneza kiraka chake. Said mwenyekiti alinipa saruji iliyobaki kwenye ujenzi wa choo cha shule, nachota kidogo kidogo. Jana nimekipaka vizuri kuliko alivyokiacha mwenyewe. Mwambie mwanangu mama yake si fundi, lakini kazi yake haijaharibika hata wiki moja.

Abdallah anasema barabara imeanza kumeguka. Amefunga Ramadhani na bado anabeba magunia, nimempa viazi vya kufuturu.

Mdogo wako,
Cecilia


Kilakala, Morogoro
27 Machi 2025

Cecilia,

Barua yako imefika leo mchana. Nimeisoma nimesimama.

Kile kiraka hakikuwekwa kuushika ukuta. Kiliwekwa kivunjike. Kilikuwa kinywa, Cecilia. Kila wiki kimekuwa kikisema, na kila Jumamosi umekiziba kwa saruji ya Said. Na fimbo haikuwa imelewa. Ilikuwa imeinama kwa sababu ardhi iliyoishika inashuka. Hukufanya ubaya. Umefanya kile ambacho mama alitufundisha, kwamba kilichovunjika hutengenezwa kabla wageni hawajaingia. Sisi tuliosoma ndio hatukukuambia kitu kidogo kuliko vyote: usiguse.

Na hiyo chemchemi si zawadi. Mlima ukianza kukatika ndani, njia za zamani za maji hufungwa na mpya hufunguka. Tope linalotoka ni udongo wa tumboni mwa mlima. Unachota msingi wa nyumba yako kwa ndoo. Mlango unagoma kwa sababu miimo yake imepinda, na miimo imepinda kwa sababu sakafu ya upande mmoja inaondoka. Ningeweza kukuchorea yote haya. Nguvu inayouvuta udongo kushuka haijabadilika tangu tulipozaliwa, kilichobadilika ni nguvu inayoushika, nayo inapungua kadiri maji yanavyopanda, na siku zitakapolingana

Nimeacha hapo kwa kuwa nilianza kuandika kanuni.

Nimempelekea Brenda habari. Nimekwenda kwa magongo ofisi ya mkoa, nimeambiwa nilete ripoti ya mtaalamu, na ripoti ya mtaalamu ndiyo hiyo inayosema mteremko umetulia. Nimempigia Said, simu haipatikani. Barabara imekatika, Abdallah ataleta barua hii mpaka linapoishia lori na Rogers ataipandisha kwa miguu.

Usikandike Jumamosi hii. Acha kiraka kama kilivyo, ukitazame asubuhi. Kama hutaniamini mimi, kiamini chenyewe. Kisha utoke, wewe na nyumba zote za mteremko ule, mwende shuleni. Kule kuna mwamba chini.

Kaka yako,
Wilfred


Bergen
28 Machi 2025

Mjomba,

Nimerudisha takwimu tulizotupa. Kila Jumamosi fimbo iliporudi wima, nimechukua pale ilipokuwa imefika na kuendelea kuanzia hapo, kama kwamba mama hakuigusa. Mstari unapanda. Mwanzoni polepole, wiki hizi mbili umesimama kama ukuta. Nimemwonyesha profesa. Ameutazama muda mrefu, akavua miwani, akauliza nani anaishi hapo. Nikamwambia, mbuzi.

Sikupaswa kumjibu hivyo. Sijui ninachosema siku hizi.

Ameandika barua rasmi leo hii na tumeituma kila ofisi ambayo tungeweza kuipata anwani. Hakuna aliyejibu. Nimetafuta ndege, ya karibu ni ya wiki ijayo, na hata nikifika Morogoro bado kuna mlima wa kupanda.

Mjomba, siwezi kukuambia ni lini. Hakuna mtu duniani anayeweza kusema siku. Ninachojua ni kwamba mistari ya namna hii hairudi chini. Mama hatanisikia mimi, tuligombana vibaya. Mtoe.

Brenda


Lubunda, Mgeta
1 Aprili 2025

Kaka Wilfred, shikamoo.

Rogers alinifikia Jumamosi na barua yako, miguu imevimba. Sikukandika. Mara ya kwanza tangu nimeolewa, Jumapili imenikuta na ukuta mchafu. Kiraka nilikiacha. Jumatatu asubuhi kilikuwa kimepasuka katikati, na leo naingiza kidole. Nimekaa kitandani nikikitazama kama mtu anayetazamana na mgonjwa. Nimepanda pia kwenye fimbo. Nimeikuta imelala.

Kwa hiyo nimeelewa. Nataka ujue hilo kabla hujaandika kurasa nyingine nne.

Nimewaita watu wa nyumba zetu, nikawasomea barua yako yote, ya mawe na ya nguvu zinazolingana. Walisikiliza kwa adabu. Mosi akasema, "Mama, mwalimu anaeleza vizuri, lakini baba yake alipoambiwa na wataalamu wa wazungu achimbe matuta, alikataa, na mlima uko hapa." Mwingine akasema ripoti ya mwanangu mwenyewe inasema mteremko umetulia, Said alisomewa na mtendaji. Happiness mke wa Mosi akauliza nani atavuna karoti. Wakacheka kidogo. Halafu wakanitazama, na nikajua wanatazama nini. Hawakuwa wanatazama uso wangu, kaka. Walikuwa wanatazama moshi juu ya paa.

Nilisema nitakwenda shuleni mwenyewe na mfuko wangu wa nguo. Mosi akasema, nenda mama, utatukuta. Nikitoka hivyo natoka peke yangu. Watasema Cecilia amekwenda kupumzika, moto ungali unawaka, basi hakuna kilichotokea. Nimepiga hesabu ya watoto wanaolala kwenye mteremko huu nikaishia njiani, sikutaka kufika mwisho.

Unajua utaratibu wetu kama ninavyoujua. Nyumba kubwa ni ya wanawake wa lukolo, lakini moto wake hauhamishwi kwa neno la mwanamke wala la mwenyekiti. Unahamishwa kwa neno la mjomba. Mjomba mkubwa wa ukoo huu aliyebaki hai ni wewe. Umekaa mjini miaka mingi hata umesahau. Unatuandikia kama mwalimu, na sisi hapa tunakungoja kama mjomba.

Kwa hiyo usinieleze tena. Mimi nimekwisha kuelewa, na wao hawatatoka kwa kuelewa. Andika neno la kuamuru, fupi, nilisome mbele yao mlangoni. Ukiandika "naona ingefaa" watarudi kulala. Ukiandika "kwa sababu" wataanza kubishana na sababu.

Chemchemi leo asubuhi imekauka. Sijui hilo linamaanisha nini, na usiniambie.

Rogers anasubiri nje, amekataa kukaa ndani.

Mdogo wako,
Cecilia


Kilakala, Morogoro
3 Aprili 2025

Cecilia, binti wa nyumba kubwa, na wote wa lukolo letu walio Lubunda,

Mimi Wilfred, mjomba wenu, nasema.

Cecilia atachukua makaa ya nyumba kubwa kwenye chungu cha mama. Mosi atatangulia, apite njia ya juu ya mwamba, asishuke korongoni. Kila nyumba itafuata moto na watoto wake mkononi. Karoti zibaki. Milango ibaki wazi. Atakayebaki nyuma amebaki nje ya ukoo.

Moto utawekwa shuleni.

Hamisheni moto leo.

Wilfred